Somo: Mashine ya msasa ya plato ya duara, namna ya kuichagua na kuitumia bila kuharibu mbao

Mafundi wengi wa Bukavu wakitaka kununua mashine ya msasa huuliza kwanza: wati ngapi? Kwa msumeno swali hilo lina maana. Kwa mashine ya plato ya duara (plato ni kile kisahani cha chini kinachobeba diski ya msasa), ile inayozunguka na kuyumba kwa wakati mmoja, wati zinakuja nyuma ya mambo matatu: obiti, plato na njia ya vumbi. Nimeona mashine ya wati 300 iliyoshikwa kwa mkono mwepesi ikimaliza mlango wa mbao ya libuyu, huku ya wati 700 iliyokandamizwa ikiacha meza imejaa alama. Someni hatua zote kabla ya kuuliza. Maswali niliyokwisha kuyapata yako chini na majibu yake.

Hatua ya 1: Elewa mashine inavyofanya kazi

Ekseli inayobeba plato haikukaa katikati ya mhimili wa mota. Imesogezwa pembeni kidogo, kwa hiyo mota ikizunguka, plato nzima inachora duara dogo sana, maelfu ya mara kwa dakika. Makita BO5041, kwa mfano, huenda kutoka 4,000 mpaka 12,000. Upana wa hilo duara dogo ndio obiti. Juu ya hapo, plato imefungwa kwenye beringi inayoiacha huru, basi inajizungusha pia yenyewe, polepole zaidi. Miendo hiyo miwili ikichanganyika, punje ya msasa hairudii njia iliyopita. Mikwaruzo inatawanyika kila upande na jicho linashindwa kuishika.

Fundi wa milango ndiye anayefaidi zaidi. Pale ubao wa wima unapokutana na wa mlalo nyuzi zinageuka, na ukipiga msasa kwa mkono lazima upande mmoja uukwaruze kinyume. Plato hii inavuka maungio hayo bila kuacha alama inayoonekana.

Lakini inavuka mradi inazunguka. Ukiikandamiza, kule kujizungusha kunakufa, kunabaki kuyumba peke yake, na kila punje inachimba kaduara kake palepale. Kelele ya mota haibadiliki sana, kwa hiyo hutajua. Vijiduara hivyo vinajitokeza siku verni (vanishi) inapogusa mbao, tena mchana, mteja akiwa amesimama mlangoni.

Usiichanganye na mashine ya mraba inayotetema tu, wala na ya mkanda. Na kuna wale wanaofunga kiplato cha msasa kwenye mashine ya diski ya kukatia chuma kwa sababu wanayo tayari. Inakula mbao haraka, hilo kweli, na kuchimba bonde la kiti cha mbao inafaa. Juu ya meza inaacha matao marefu ambayo itakubidi uyafute kwa nusu siku.

Hatua ya 2: Chagua

Anza na obiti. Imeandikwa kwenye kibati cha mashine au kwenye karatasi yake, kwa milimita. Obiti ya 2.5 hadi 3 ni ya kumalizia: inakula kidogo, inaacha uso laini. Obiti ya 5 inakula kwa nguvu na bado inaweza kumalizia ukiwa na subira. Festool wanauza mashine yao ya ETS 150 kwa namna mbili, moja ya 3 na nyingine ya 5, mota ileile. Hiyo inakuonyesha kwamba tofauti ya kazi iko kwenye obiti, haiko kwenye wati.

Kisha kipenyo cha plato. Zinazouzwa zaidi ni milimita 125 na 150. Tofauti inaonekana ndogo, lakini piga hesabu ya eneo: plato ya 150 inagusa mbao karibu asilimia 44 zaidi. Kwa meza, milango na makabati ni kazi nyingi inayookolewa. Kwa viti, miguu ya vitanda na fremu nyembamba, 125 inashikika vizuri zaidi, na diski zake ndizo rahisi kuzipata madukani.

Nguvu: mashine nyepesi za milimita 125 ziko kati ya wati 200 na 300. Zile za 150 zinaanzia karibu wati 300. Halafu kuna jamii ya tatu, mashine za njia mbili, kama Festool Rotex RO 150, Makita BO6050 na Bosch GET 75-150, zenye wati 700 na zaidi. Hizi zina kitufe: upande mmoja gia inailazimisha plato izunguke hata ukiikandamiza, upande wa pili inaachwa huru kama kawaida. Ndizo mashine zenye nguvu hasa. Kama kazi yako ni kuvua rangi ya zamani kwenye milango (si ile ya nyumba za kikoloni, tazama Hatua ya 7), au kusawazisha mbao pana za muvula (mvule) zilizotoka kwenye msumeno mbaya, hakuna kinachoshindana nazo. Lakini zinapita kilo 2, na kwenye mlango uliosimamishwa wima mikono itakuambia. Mtu anayenunua mashine moja tu, mimi nitamwambia achukue ya kawaida, milimita 150, obiti ya 5, na abaki na randa yake kali kwa kazi ya kusawazisha.

Breki ya plato wengi hawaijui. Ni pete ya mpira inayoigusa plato kwa juu. Bila hiyo, ukiinua mashine hewani plato inashika mbio, na ukiirudisha kwenye mbao inachimba shimo la nusu mwezi. Ijaribu dukani: washa ukiwa umeinua, uangalie. Plato ikizunguka kwa mbio mpaka huoni matundu yake ya vumbi, pete imekwisha au haikuwepo tangu mwanzo. Kwenye mashine iliyotumika, hii ndiyo ya kutazama kabla ya rangi na kibandiko cha jina.

Plato zina ugumu tofauti. Ngumu ni ya uso tambarare na pembe kali. Laini ni ya vitu vya mviringo. Ya kati ndiyo huja na mashine nyingi. Kwa sipre na paini ninapendelea ngumu, maana mbao hizo zina mistari laini na mistari migumu, na plato laini inakula ile laini peke yake, unabaki na uso wa mawimbi.

Hesabu pia matundu. Diski za 125 kwa kawaida zina 8, za 150 mara nyingi 6, na kuna nyingine zenye zaidi. Nunua mashine ambayo diski zake unaziona kwa wauzaji watatu wa mjini. Mashine nzuri isiyo na diski ni pambo la kabati. Uliza sharbo (brashi za kaboni) za mota na plato ya kubadilisha papo hapo, kabla hujalipa.

Hatua ya 3: Umeme wetu

Umeme wa Bukavu unatoka kwenye mabwawa ya Ruzizi, na sote tunajua unavyofika atelye (karakana) saa za jioni. Volti zikishuka, mota ya sharbo inapunguza mwendo, plato inalegea, na fundi anajibu kwa kukandamiza. Hapo ndipo meza zinapoharibikia. Ukisikia mashine imelegea, acha, fanya kazi ya mkono, rudi volti zikipanda. Mashine zisizo na sharbo, zenye elektroniki ndani, ni tofauti: nyingine zinashikilia mwendo, nyingine zinajizima.

Jenereta ndogo ya petroli inaendesha mashine ya wati 300 bila shida. Haitaendesha mashine hiyo pamoja na ya kufyonza vumbi ya wati 1,200, kwa hiyo hesabu zote mbili kabla ya kununua.

Na hili lisomwe mara mbili. Mashine nyingi zina swichi inayojifunga. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mkono wa kwanza uende kwenye swichi, uzime, ndipo uende kupiga soga nje. Ukiiacha juu ya meza imewashwa, delestaji (mgao wa umeme) ikiisha itaanza kutembea yenyewe, itaanguka, au itamkuta mtoto aliyekuja kutazama. Chomoa kabisa. Na umeme wa dakika za kwanza baada ya kurudi huwa si wa kuaminika.

Hatua ya 4: Misasa

Namba ndogo ni punje kubwa. Kwa mbao zilizopigwa randa vizuri anza na 120. Kama randa imeacha matuta, 80. Namba 40 na 60 ni za kuvua rangi na kurekebisha makosa ya msumeno tu. Kutoka hapo panda kwa kufuata: 80, 120, 180. Ukiruka kutoka 80 moja kwa moja mpaka 220, ile 220 haina uwezo wa kufuta mifereji ya 80. Inang'arisha vilele tu, mifereji inabaki chini, na verni inaijaza na kuionyesha.

Kuhusu pa kuishia: kazi ya rangi ya mafuta, 120 au 150 inatosha. Verni, 180. Meza ya kupakwa mafuta, 220. Kupita hapo kwenye mbao ngumu ni kufunga vinyweleo vyake, na rangi ya mbao haitaingia sawasawa. Kichwa cha mbao, pale nyuzi zilipokatwa, ndicho pekee ninachokipandisha namba moja zaidi, kwa sababu kinakunywa rangi kuliko sehemu nyingine na kutoka cheusi mno.

Msasa mwekundu au wa kahawia wa alumini oksaidi ndio wa kila siku. Ule mweusi wa maji, wa mafundi wa magari, ni silikoni kabaidi: mzuri kati ya mikono (matabaka) ya verni, unachakaa haraka kwenye mbao tupu. Kuna misasa yenye unga mweupe juu yake. Unga huo unazuia vumbi lisigande, na kwa mbao zenye utomvu kama sipre unastahili bei yake. Ya wavu, kama Abranet ya Mirka, imetoboka kila mahali kwa hiyo haichagui matundu ya plato. Ni ghali, lakini inaishi.

Diski iliyojaa vumbi si lazima iwe imekufa. Iendeshe polepole juu ya kipande cha mpira wa asili, soli ya krepu ya kiatu kilichochakaa, na vumbi litang'oka. Ikiwa imekufa kweli, itupe. Msasa uliochakaa haukwaruzi, unachoma.

Hatua ya 5: Tayarisha mbao

Mashine hii haisawazishi. Inafuata mabonde na vilima vilivyopo, na kuvilainisha. Ubao uliopinda utabaki umepinda, ila utateleza. Randa kwanza.

Toa misumari yote. Tafuta kole (gundi) nyeupe iliyovuja kwenye maungio na uikwangue kwa patasi, usiiachie msasa: joto linailainisha, inajaza diski, na kinachobaki kwenye mbao kinazuia rangi. Mbao mbichi usiziguse. Mikaratusi iliyopasuliwa juzi na kuletwa kwenye mvua ya Novemba itajaza diski baada ya diski, na ikikauka nyuzi zitasimama tena.

Muvula una tabia yake. Ndani yake hujificha mawe, chokaa ngumu iliyoganda kwenye mti ukiwa hai. Ukikutana na doa jeupe gumu, lichimbe kwanza kwa ncha ya patasi, maana linang'oa punje za diski mpya kwa mpito mmoja.

Mwisho, chora mistari ya penseli juu ya uso wote, hafifu, kwa mshazari. Utaona kwa nini.

Hatua ya 6: Piga

Panga matundu ya diski na ya plato yaonane. Weka alama ya wino kwenye ukingo wa plato: ukiiona alama inazunguka unapofanya kazi, uko salama, ikionekana imesimama au inatetemeka palepale, umekandamiza.

Laza plato yote kwenye mbao, washa, anza kutembea. Uzito wa mashine na wa mkono uliopumzika juu yake unatosha. Mwendo ni kama sentimita 2 au 3 kwa sekunde, polepole kuliko unavyotaka. Kila mpito ufunike nusu ya uliopita, kwanza kwa urefu, kisha kwa upana. Mistari ya penseli ikiisha yote kwa wakati mmoja umekwenda sawa. Ikiisha katikati na kubaki pembeni, umezunguka katikati, kosa la kila mtu.

Usiinamishe plato ili ufute doa. Ukiona mkwaruzo mmoja mkaidi, rudi namba ya chini kwenye eneo pana kuuzunguka, halafu panda tena. Na ukifika ukingoni, theluthi mbili za plato zibaki juu ya mbao, vinginevyo unavunja kona na meza inakuwa kama sabuni iliyotumika.

Kati ya namba na namba, futa vumbi lote kwa brashi na kitambaa. Punje moja ya 80 iliyobaki chini ya diski ya 180 inachora vijiduara mpaka mwisho wa ubao, na utailaumu diski.

Kwenye kona za ndani za fremu plato ya duara haifiki. Malizia kwa mkono, na kipande cha mbao nyuma ya msasa.

Hatua ya 7: Vumbi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo tunapojidanganya. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua na mashimo yaliyo jirani nayo. Maranda ya randa ni makubwa, yanaanguka chini. Vumbi la 180 linaelea, huoni, na ndilo unalolala nalo. Muvula unajulikana kwa kuwasha ngozi na kufunga kifua. Mtu anaweza kuufanyia kazi muda mrefu bila shida, kisha mwili ukaanza kuukataa.

Kamfuko ka nyuma ya mashine kanashika sehemu tu. Unganisha bomba la mashine ya kufyonza kama unayo, uone mambo mawili: hewa inabaki safi, na diski inadumu, kwa kuwa punje zinagusa mbao badala ya kusaga vumbi. Huna mashine ya kufyonza? Fanyia kazi nje au mlangoni upepo ukiwa mgongoni mwako, na uvae barakoa ya FFP2 (aina inayochuja vumbi laini) inayobana usoni. Kitambaa kilichofungwa puani kinazuia maranda. Vumbi laini linapita.

Rangi ya zamani kwenye milango ya nyumba za kikoloni usiipige msasa mkavu kabisa. Rangi za zama hizo mara nyingi zilikuwa na risasi, na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Tumia dawa ya kuvulia na kikwangulio, nje, na uyakusanye mabaki.

Hatua ya 8: Kagua kabla ya verni

Zima taa ya juu. Washa tochi ya simu na uilaze karibu na mbao, mwanga utambae. Kila kijiduara kitatupa kivuli. Kisha pitisha kitambaa chenye maji kidogo: kole iliyojificha itajitokeza kama doa lenye rangi nyingine, na nyuzi zitasimama. Ikikauka, mpito mmoja mwepesi wa mkono kwa namba uliyomalizia, kufuata nyuzi. Huo mpito wa mkono ndio unaofuta kile kidogo mashine ilichoacha. Mimi siuruki hata kwa kabati la jikoni.

Maswali ya wanachama (mbele ya kila swali ni mahali lilikotoka)

*Kadutu:* Muzee fundi, diski zangu haziko zinashika. Nabandika, dakika kidogo inaruka na kwenda kwa jirani. Ni diski ya bei rahisi ao ni mashine?

Mara nyingi ni plato, mdogo wangu. Vile vijindoano vya plato vinayeyuka kwa joto, na joto linatoka kwenye kukandamiza na kwenye punje ndogo, yaani namba kubwa, zikiendeshwa kwa mwendo wa juu kabisa. Gusa plato katikati na ukingoni: kama ukingo ni laini kama plastiki na katikati panakwaruza kidole, imeungua. Ibadilishe plato. Na kwenye ile mpya weka kwanza kiplato chembamba cha kati, kinachouzwa kwa kazi hiyo, ili kichakae hicho badala ya plato. Punguza mwendo unapofika 180. Diski za bei rahisi nazo zipo zenye velkro mbaya, lakini zingeruka tangu mwanzo.

*Mwanafunzi wa menizeri (useremala), Bagira:* Naweza kukata msasa wa mita kwa mkasi na kuubandika kwa kole?

Kama msasa wa mita una velkro nyuma, kata, toboa matundu kwa kufuata diski ya zamani, utaokoa pesa. Kama ni karatasi au kitambaa kitupu, kole itaziba vijindoano na plato imekwisha. Kuna plato za uso mtupu, zilizotengenezwa kwa diski za gundi. Ukiipata hiyo, sawa.

*Goma, Birere:* Niko na kompresa ya kupigia rangi, lita 50. Si ninunue tu mashine ya msasa ya upepo? Ni ndogo na ni nyepesi.

Ni nyepesi, na hazichoki. Lakini mashine hizo zinakula lita 300 za hewa na zaidi kwa dakika, mfululizo, wakati pistole ya rangi inapumzika kila mara. Kompresa yako itaendesha kwa muda mfupi, shinikizo litashuka, utasubiri. Mota yake itapiga bila kukata mpaka ichemke. Mafundi wa magari wanaozitumia siku nzima wana kompresa kubwa mara kadhaa. Kwa kompresa yako, nunua ya umeme.

*Uvira:* Natengeneza meza za shule, juu ni tripleksi (plaiwudi). Nilipiga vizuri lakini sehemu nyingine ikatokea rangi nyeusi, na mkuu wa shule amekataa tatu. Nifanye nini?

Dada, umetoboa ngozi ya juu. Kwenye tripleksi nyingi ngozi hiyo haifiki milimita moja, na chini yake ni kole na ubao wa mwelekeo mwingine. Hakuna msasa utakaoirudisha. Zile tatu zipake rangi isiyopitisha mwanga au uzibandike karatasi ngumu ya plastiki ya juu ya meza. Zinazofuata anza na 180, obiti ndogo kama unaweza kuchagua, chora penseli, na pale penseli inapotoka ondoka palepale. Kando kando usiguse kwa mashine, piga kwa mkono.

*Bagira:* Ndugu yangu aliye Kanada ananitumia mashine nzuri ya 120 volti. Nitaiunguza?

Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220, ndiyo, mara moja. Inahitaji transfoma ya kushusha volti. Kwa mashine ya wati 300 chukua ya angalau VA (volti-ampea) 500, mimi ningechukua 1,000 ili isichemke na ili itumike kwa kingine. Tofauti ya hezi 60 na 50 usiihofie kama mota ni ya sharbo. Diski nazo usizihofie: huko wanahesabu kwa inchi, lakini 5 ni karibu sawa na 125 na 6 ni karibu sawa na 150, zinaingia. Kama bado hajanunua, mwambie atume ya betri. Chaja yake inaweza kuwa ya 120 pia, aulize.

*Bukavu, Nyawera:* Na hizo za betri zenyewe? Delestaji imetuchosha.

Betri ya volti 18 na ampea-saa 5 inabeba wati-saa 90. Mashine ikivuta wati 200, ni chini ya nusu saa. Msasa ni kazi ya kuendelea, haifanani na kupiga skrubu. Kwa kumalizia kazi nyumbani kwa mteja, au kati ya mikono ya verni, nzuri sana. Kwa milango 10, utahitaji betri nyingi kuliko bei ya jenereta.

*Lubumbashi, Katuba:* Sisi huku tunapiga sana mulombwa. Nikipiga asubuhi, mchana napiga chafya mpaka jioni, na ngozi ya mikono inawasha. Maziwa yanasaidia?

Maziwa hayafiki kwenye mapafu, kaka. Mulombwa, ambao Tanzania wanauita mninga, vumbi lake linajulikana kwa kuwasha pua na ngozi. Funika mikono, vaa barakoa ya FFP2 tangu dakika ya kwanza, na nguo za kazi zisiingie chumbani. Osha mikono na uso kwa maji na sabuni kabla ya kula. Usijipulize vumbi kwa kompresa, unalisukuma ndani ya nguo na macho. Kama unaanza kusikia kifua kinabana au kinapiga filimbi usiku, muone daktari na umwambie unafanya kazi gani na mbao gani, asitibu mafua.

*Kadutu:* Mteja anataka meza ya saluni (sebule) ing'ae kama kioo. Nimepiga mpaka 400 lakini bado haiko inang'aa.

Umepiga mbao tupu mpaka 400? Basi umejichosha, na verni yako itakuwa na shida ya kushika. Mng'ao unatoka kwenye verni. Rudi na 180 ufungue mbao. Paka mkono wa kwanza umepunguzwa kidogo, uache ukauke kabisa, ambako kwenye unyevu wetu wa masika si kesho yake asubuhi kila mara. Msasa ukitoa unga mweupe mkavu, umekauka. Ukiviringisha vipunje kama kole, subiri. Piga 320, mashine ya obiti ndogo na mwendo wa chini, au kwa mkono, kuua tu vipele. Paka tena, 320 tena, halafu 400 kabla ya mkono wa mwisho. Nyunyizia sakafu maji kabla ya kupaka huo wa mwisho ili vumbi litulie, na mashine ya msasa siku hiyo isiwashwe kabisa, hata kwa kazi ya mteja mwingine.

*Kadutu, huyohuyo:* Na vitambaa vya mafuta ya linisidi nilivyofutia meza, naweza kuviweka kwenye ndoo na vumbi la msasa nitupe jioni?

Hapana! Vitambaa hivyo vikikunjamana vinajipasha joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti, na vumbi la msasa ndilo kuni. Vitandaze nje kimoja kimoja mpaka vikauke vigumu, au vizamishe kwenye maji. Vumbi litupe peke yake.